Korosho Katika Bakuli la Watu

Ukitaka kumwona Khalfan Mshamu, usimtafute kwenye sherehe za Watanzania wa Toronto, haji. Panda basi la Kipling asubuhi, lile linaloshuka kutoka Rexdale limejaa watu wa zamu za maghala wanaorudi kulala, utamkuta dirishani, begi amelipakata, kofia ya sufu ameishusha mpaka kwenye nyusi. Msalimie kwa Kiswahili uone. Atakuuliza habari za nyumbani, za watoto, za kazi, za huko ulikotoka, kisha ataanza upya na habari za nyumbani. Wenzetu wengi wanasema anachosha, wanakimbilia viti vya nyuma. Mimi nawaambia, mtu anayekaa kutwa nzima bila kusemeshwa lugha yake, ukimfungulia bomba usilalamike maji yakimwagika. Nimekaa naye safari nyingi. Haya ninayoyaandika nimeyapata kwake mwenyewe, na mengine kwa Alykhan, ambaye nitamfikia.

Khalfan ni seremala. Alikuwa seremala Lindi. Alipofika Kanada akawa mbeba maboksi kwenye ghala karibu na uwanja wa ndege mpaka mgongo ulipokataa, ndipo akapata kazi kwenye makumbusho madogo katikati ya jiji, jengo la matofali mekundu lililowahi kuwa kiwanda cha viatu. Anatengeneza vishikio. Ukiingia makumbusho ukaona taa ya udongo ya enzi za Warumi imesimama ndani ya kabati la kioo kana kwamba inaelea, ujue kuna fundi aliyekunja waya wa shaba polepole mpaka ukafuata tumbo la ile taa, kisha akaupaka rangi usionekane. Kazi yake ikiwa nzuri hakuna anayejua kama ipo. Baadaye walimfundisha pia kuunga vyungu vilivyovunjika, na hiyo ndiyo kazi aliyoipenda kuliko zote.

Vitu alivyohangaika navyo miaka hii si vya Kanada. Ni vya Roccaserena, mji mdogo wa mlimani huko Italia. Tetemeko la ardhi liliangusha paa la makumbusho yao, na kwa kuwa koo nyingi za mji ule zina watu wao Toronto tangu mababu walipokuja kujenga nyumba na barabara, wajukuu wakachanga, maofisa wakaandikiana, vitu vikaletwa huku vitunzwe na kuonyeshwa mpaka paa lijengwe upya. Zilikuja taa na chupa za kioo za Warumi, kigae chenye nyayo za mbwa aliyepita juu yake udongo ukiwa mbichi, vitana vya mifupa, funguo, na mabakuli ya zama za kati yaliyopakwa rangi ya kijani na kahawia. Vingi vilifungwa kitaalamu. Bakuli moja tu lilikuja vipandevipande kwenye kreti la tufaha, limeviringishiwa magazeti, maana wanawake wa mji waliliokota kwenye kifusi kabla wataalamu hawajafika.

Humo kwenye kreti, katikati ya vigae, palikuwa na lozi moja ndani ya ganda lake.

Aliyeiona ni Alykhan. Huyu ni msimamizi wa stoo ya makumbusho, kijana wa Kiismaili aliyezaliwa hapahapa, ukoo wake watu wa Iringa. Kiswahili anakisikia chote, ila akijibu anajibu kwa Kiingereza, na maneno mawili matatu ya nyumbani humo ndani. Aliishika ile lozi kwa kibano kama ameshika mende, akaitia kwenye mfuko wa plastiki ikatupwe. Chakula ndani ya stoo ni mwiko. Chakula huleta wadudu, na wadudu wakishaingia hula mbao, hula ngozi, hula karatasi, hawachagui cha kale wala kipya.

"Imedondokea tu, Uncle," alimwambia Khalfan. "Somebody's snack."

Jioni Khalfan alimsimulia mkewe Nuria, ambaye siku hizo alikuwa hai na alikuwa anasukuma chapati. Nuria hakuinua hata macho.

"Lozi haina miguu, baba Ridha. Kuna mwanamke huko kaokota vipande vya bakuli lake kwenye kifusi, kaona haya kulituma tupu. Basi na sisi hatulirudishi tupu."

"Halitarudi leo wala kesho."

"Siku litakaporudi. Mkono mtupu haulambwi."

Mswahili mwenzangu hana haja ya kuelezwa, lakini watoto wetu waliokulia huku wanaweza kuyasoma haya siku moja, basi nieleze. Jirani akikuletea futari kwenye sahani, ile sahani hairudi kwake tupu. Unatia chochote: sukari, ndizi mbili, hata ndimu. Si malipo. Ni kusema nimekuona, na wewe unione. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Nuria alikuja na mambo haya kutoka Lindi mzimamzima. Ramadhani yao ya kwanza kwenye jengo lile la ghorofa, alipika kaimati akapeleka sahani kwenye kila mlango wa korido yao. Moja ilirudi imeoshwa inang'aa, na kikaratasi cha shukrani. Moja Khalfan aliikuta kwenye chumba cha taka, kumbe wale walidhani ni ya kutupwa. Nyingine hazikuonekana tena. Iliyorudi na kitu ndani haikuwepo hata moja. Nuria alisema watazoea, na mwaka uliofuata akanunua sahani nyingine.

Alykhan alipopata mtoto, binti aliyeitwa Inara, Nuria alipika pilau akalitia kwenye hotpoti lake kubwa lenye maua mekundu, lile alilotoka nalo Lindi amelipakata kwenye ndege kwa sababu hakuliamini sanduku. Khalfan akalipeleka kazini. Pilau lililiwa, shukrani zilikuja, hotpoti halikuja. Khalfan alitaka kuuliza, na kila akitaka kuuliza Nuria alimkataza.

"Chombo hakidaiwi," alisema. "Kikiwa kwa mtu, una mlango wa kubisha."

Bakuli la kreti la tufaha lilimchukua Khalfan majira mazima ya baridi. Gundi ya kazi ile lazima iwe inayoyeyuka, ili siku akija fundi bora aweze kubandua na kuanza upya. Palipokosekana kipande anajaza plasta, anaipaka rangi iliyofifia kidogo kuliko ya asili, kusudi anayetazama kwa mbali aone bakuli zima na anayesogea aone kiraka. Katikati ya bakuli kulikuwa na ndege amebeba tawi mdomoni, na kiraka kiliangukia kwenye bawa lake. Khalfan alilirudia bawa lile mara nyingi. Huku baridi ikiingia, mitambo ya kupasha jengo joto inakausha hewa mpaka ngozi inapasuka, hivyo kulikuwa na mashine ya kutia unyevu na kipimo ukutani, na Khalfan ndiye aliyekisoma kila asubuhi. Nyumbani kwake pua ilikuwa inatoka damu kwa ukavu, na hakuna aliyekuja na kipimo.

Maonyesho yalipofunguliwa, wazee wa Roccaserena walikuja na fimbo zao na wajukuu wao. Walibishana mbele ya funguo, ufunguo ule ni wa lango lipi, wakasimama kwenye kigae cha mbwa wakacheka. Mzee mmoja aliweka kiganja chote kwenye kioo cha bakuli la ndege akakaa hivyo. Kufuta alama za mikono kwenye vioo ilikuwa kazi ya Khalfan pia. Siku ile alifuta vioo vyote, ile alama akaiacha mpaka kesho yake.

Kisha Nuria alifariki, kwa moyo, ghafla, barabara zikiwa zimejaa theluji hata wazikaji walichelewa. Ridha, mtoto wao wa pekee, alikuja kutoka Calgary, akakaa matanga, akamsihi baba yake ahamie huko wakae pamoja, kisha akarudi kwa mkewe na kazi yake. Watu wa msikitini walileta vyakula kwa muda, kwenye vyombo vya karatasi vya kutupwa. Khalfan alivitazama vile vyombo akashindwa kujua afanye nini navyo. Baada ya hapo ilikuwa yeye na korido, na milango ambayo haikumfahamu.

Nitasema wazi, alikuwa mpweke kiasi cha kutisha. Alianza kuongea na bakuli. Asubuhi akisoma kipimo alilisalimia, akaliambia hewa ya leo ikoje na nani kamwaga kahawa kwenye basi. Aliongea Kiswahili cha Lindi, kile chenye kuvuta maneno, ambacho tangu Nuria afariki hakuna mtu jijini aliyekuwa anakizungumza naye. Alykhan alimkuta mara kadhaa akajifanya hakusikia. Ile ilikuwa adabu, nampa haki yake.

Mwaka huu habari ikaja kwamba paa la Roccaserena limekwisha. Vitu virudi. Mkurugenzi, mama mmoja mpole wa Kikanada, alimwita Khalfan ofisini akamwambia kwamba yeye ndiye atakayevisindikiza. Kazi ya msindikizaji ni kutoyaacha masanduku yatoke machoni, Toronto mpaka huko, kuwepo yanapofunguliwa, na kuvipandisha vitu kwenye makabati yake mapya kwa mikono yake. Kwa kawaida hupelekwa msomi. Mkurugenzi alisema, bakuli lile umelizaa upya wewe, basi ulifikishe kwao.

Hapo ndipo nilipomwona Khalfan mwingine kwenye basi. Alinunua viatu. Alikwenda msikitini akawaambia watu, nao wakamtania kwamba anakwenda Ulaya na mabakuli kama mpishi wa harusi, akacheka kuliko wao. Alimpigia Ridha simu. "That's nice, Baba," Ridha alisema, na Khalfan akanisimulia maneno hayo kama ameambiwa hotuba. Jambo moja tu alilitaka duniani: kusimama katika mji ule na kulikabidhi bakuli, na lisiwe tupu, kama Nuria alivyosema.

Korosho alikuwa nazo. Dada yake Lindi humtumia kila akipatikana mtu wa kuja huku, zimekaangwa kwa chumvi kidogo, nyingine zimeungua upande mmoja. Alichagua zile nzima.

Masanduku aliyatengeneza yeye mwenyewe, ndani yake sponji ngumu iliyochongwa kwa umbo la kila kitu, kiasi kwamba hata sanduku likiwa tupu unaweza kujua hapa analala mbwa wa kigae na hapa chupa. Siku ya kufunga, alilifunga bakuli la ndege mwisho. Alizitia korosho kwenye karatasi laini ya kufungia vitu vya kale, akakunja pembe nne, akaiweka katikati ya bakuli juu ya yule ndege, akafunika.

Sheria aliijua. Asiseme mtu hakuijua. Alikuwa amelifikiri jambo lile wiki nzima na akajipa hoja: sanduku litafungwa mbele yangu, litasafiri mbele yangu, nitalifungua mimi. Kabla mtu hajagusa kitu nitaitoa ile karatasi nimpe mwanamke atakayekuwa karibu, na wadudu hawatapata hata nafasi ya kusikia harufu. Hesabu yake yote ilisimama juu ya yeye kuwepo.

Mchana ule Alykhan akakumbuka kwamba sanduku lile halijatiwa kile kidude kinachorekodi unyevu njiani. Akalifungua. Khalfan alikuwa upande wa pili wa chumba anakusanya misumari, akasikia karatasi inakunjuliwa.

"Uncle, hii ni nini?"

"Korosho."

"Naona ni korosho. Why are they in here?"

"Bakuli lilikuja na lozi, mwanangu. Unakumbuka. Haliwezi kurudi tupu." Akaongeza, "Muulize bibi yako."

 Bibi yake, Bi Gulshan, ni mwanamke wa Iringa wa kale, na sina shaka sahani zimeingia na kutoka kwenye jiko lake maisha yake yote. Uso wa kijana ulibadilika. Alikuwa ameelewa, na Khalfan aliona kwamba ameelewa, na kwa muda mfupi alidhani mambo yamekwisha.

"Najua, Uncle," Alykhan alisema. "Kwetu pia wanafanya. But it's food. Ndani ya sanduku la watu. Customs wakifungua? Wale wa kule wakikuta?"

"Nitafungua mimi. Nitawapa mkononi."

"Huwezi kujua nani atafungua. Ungeniambia tu, tungezitia kwenye begi lako."

"Begi si chombo chao," Khalfan alisema.

Hapa mimi huwa nakasirika, na nimeshamwambia Alykhan usoni. Katika jengo zima, mtu mmoja tu aliyejua korosho zile ni nini ni yeye, na yeye ndiye aliyekwenda kwa mkurugenzi. Angezitia mfukoni akanyamaza, nani angejua? Yeye akanijibu kwamba mwaka juzi wadudu waliingia stoo na mbeleko ya ngozi ya watu wa asili wa nchi hii ikaliwa nusu, na aliyewapigia simu wenyewe kuwaeleza alikuwa yeye. Alisema hakuweza kunyamaza kwa sababu tu mwenye kosa ni mtu wa kwao. Hoja anayo. Bado nimekasirika.

Mkurugenzi hakumfukuza Khalfan. Alihuzunika kweli, alimshika hata bega. Lakini mtu aliyetia chakula kwenye sanduku la vitu vilivyoazimwa hawezi kulisindikiza, watu wa bima hawatakubali, na Roccaserena lazima waambiwe sababu ya kubadilishwa msindikizaji. Atakwenda Alykhan. Khalfan alisikiliza akiwa amesimama, akasema sawa. Aliomba jambo moja, kwamba wakiambiwa wale watu, waambiwe zilikuwa korosho nzuri. Mkurugenzi hakuelewa, akasema ndiyo.

Alimpigia Ridha.

"Baba, it's just cashews," Ridha alisema. "Nitaongea nao. They're overreacting."

"Usiongee nao."

"Basi njoo Calgary. What's keeping you there?"

 Khalfan akasema ana kazi.

Masanduku yaliondoka asubuhi moja ya mvua ya barafu. Asiyekuwepo na lake halipo, na bakuli liliondoka jinsi Nuria alivyokataza liondoke. Khalfan alibaki kwenye ukumbi kufungua vishikio. Makabati yalikuwa bado yamewashwa taa. Waya zake zilikuwa zimesimama mle ndani, kila mmoja umekunja vidole kushika kitu kisichokuwepo, na sasa kila mtu aliyepita aliweza kuziona. Alizifungua moja baada ya nyingine akazitia kwenye ndoo. Kipimo cha hewa kilikuwa bado kinafanya kazi, akakisoma, akaona hakuna wa kumwambia.

Alykhan alirudi baada ya wiki mbili. Alimtafuta Khalfan chumba cha chakula, akamwonyesha picha kwenye simu: makumbusho yenye paa jipya, kigae cha mbwa, taa, na bakuli kwenye kabati lake karibu na dirisha.

"Hawakutumia kishikio changu," Khalfan alisema.

"Wanacho chao. Sorry, Uncle."

Khalfan aliikuza picha kwa vidole. Wale wa kule walikuwa wameligeuza bakuli, upande wenye kiraka ndio uliokuwa mbele, lile bawa lililofifia likitazama watu. Aliuliza kama walisema chochote kuhusu kile kiraka. Alykhan akasema hawakusema, walilitazama wakaliweka. Khalfan aliangalia bawa lake muda mrefu, kisha akarudisha simu.

"And I brought you something," Alykhan alisema, uso umemng'aa, akainama chini ya meza.

Akatoa hotpoti la maua mekundu.

 Alykhan akaeleza kwa haraka kwamba lilikuwa kabatini kwao, nyuma ya vyombo vya mtoto, na kwamba bibi yake alikuja kuwatembelea akaliona akauliza ni la nani. Alipoambiwa, Bi Gulshan aligomba nyumba nzima. Mmekaa na chombo cha mtu aliyekufa? Na mnataka kukirudisha hivihivi?

"Alisema don't you dare take it back empty," Alykhan alisema. "So."

Akafungua mfuniko. Ndani palikuwa na karatasi laini ya kufungia vitu vya kale, imekunjwa pembe nne. Alykhan alikuwa amezihifadhi zile korosho kwenye droo nyumbani kwake tangu siku ile, hakuwa na moyo wa kuzitupa.

Kwetu, chakula ulichokitoa kikirudi kilekile, umekataliwa. Hakuna tusi kubwa kuliko hilo kati ya majirani, watu wamenuniana miaka kwa sahani ya wali iliyorudi na wali wake. Alykhan hakulijua hilo. Alilijua la kutorudisha chombo kitupu, la pili hakuna aliyemfundisha, na alikuwa anamtazama Khalfan kwa furaha ya mtoto aliyefaulu. Khalfan aliona vyote viwili, furaha na tusi. Ilimuuma, aliniambia.

"Ahsante, mwanangu," alisema. "Msalimie sana bibi."

Jioni ile nilipanda basi nikamkuta dirishani, hotpoti mapajani, amelishika kwa mikono miwili. Nilimsalimia kwa Kiswahili. Aliitikia mara moja, akageukia dirisha. Nilikaa naye mpaka kituo changu na hakuuliza habari za nyumbani.

Nyumbani alilifungua hotpoti akalinusa. Halikuwa na harufu ya Nuria, wala ya iliki, lilinuka sabuni ya watu wengine. Alichemsha chai akazila korosho zote, ingawa zilikuwa zimelainika. Aliliosha hotpoti akaliweka juu ya kabati, pale lilipokuwa likikaa zamani. Pengo lililokuwa pale likazibika, na jiko likaonekana kama jiko la mtu aliyepanga vitu vyake akamaliza. Akakaa kwenye kiti akalitazama. Miaka yote ile, hata baada ya mazishi, kulikuwa na chombo cha Nuria kwenye nyumba ya mtu fulani ndani ya jiji hili. Sasa vyombo vyao vyote vilikuwa ndani, na hapakuwa na mlango hata mmoja wa kubisha. Ndipo alipolia, na aliniambia hivyo bila haya.

Jumamosi akapika pilau. Hakuwa amelipika tangu mkewe alipofariki, na halikuwa pilau la kujisifia: chini liliungua, nyama ilikuwa ngumu, jira ilizidi. Alilitia kwenye hotpoti, akalifunga kwa kanga ya Nuria, akapanda basi, kisha treni, kisha basi jingine mpaka Don Mills anakoishi Alykhan. Mlango ulifunguliwa na Alykhan mwenyewe, Inara amemshika mguu.

"Uncle? Kuna nini leo? Is it Eid?"

"Hakuna kitu. Nimepika."

"Come in, come in. Subiri basi nihamishe, nilioshe, uondoke nalo."

Lakini Khalfan alikuwa ameshamwachia hotpoti mikononi na kugeuka, yuko kwenye lifti, anabonyeza kitufe. Alykhan anasema alimwita mara mbili na mzee hakugeuka, akadhani labda masikio.

Siku hizi Khalfan anatengeneza vishikio vya maonyesho mengine, vitu vya reli, hana mazungumzo navyo. Hotpoti halijarudi. Juzi kwenye basi nilimuuliza kama hawezi kumkumbusha kijana, maana vijana hawa usipowakumbusha hawakumbuki. Alinitazama kama nimesema jambo la aibu mbele za watu.

"Chombo hakidaiwi," alisema, kisha akaniuliza habari za nyumbani.